Land Rover ya Hagadera: bodi mpya, namba ya zamani

Najua niliahidi kumalizia ile makala ya hifadhidata wiki hii. Sijasahau, na mtaona mwishoni tutarudi huko huko. Lakini kwanza nina habari ya gari.

Likizo iliyopita nilivuka daraja la Tana pale Garissa, nikaendelea hadi Hagadera kumwona adeer yangu, ndugu wa marehemu baba. Nyuma ya ua wake, chini ya mgunga, kuna Land Rover Series III, ile ndefu ya 109. Aliinunua Mombasa ikiwa imeshakula chumvi ya bahari. Kambi ya Hagadera ilipofunguliwa mwaka 1992, akaitumia kubebea bidhaa kutoka Garissa hadi sokoni. Utotoni nimepanda nyuma yake mara nyingi, juu ya magunia ya sukari. Ilizimika 2009 na haijawaka tena.

Sasa mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakuja mara mbili. Adeer akaniuliza: "Adeer, wewe umesoma. Tuuze au tutengeneze?" (Kwetu ami na mtoto wa ndugu yake huitana kwa jina hilo hilo moja.)

Nikafanya kama ninavyofanya nikikabidhiwa programu iliyoandikwa na mtu mwingine: kabla ya kugusa chochote, nikasoma historia yake.

Kwa nini bodi haikuoza

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba fenda na boneti zimebonyea na rangi imebabuka, lakini hazina kutu nyekundu. Jibu liko Uingereza, mwaka 1947. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na jeep ya Kimarekani shambani kwake Anglesey, akataka kutengeneza gari la aina hiyo. Vita vilikuwa vimekwisha na chuma kilitolewa kwa mgao, lakini alumini ilikuwepo. Basi paneli zikatengenezwa kwa Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi, na zikaachwa bapa ili zisihitaji mashine ghali za kuzikunja. Gari lilionyeshwa rasmi Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Rover walilichukulia kama la muda tu, la kuwaingizia fedha za kigeni hadi mambo yatengemae. Uzalishaji wa mzao wake wa mwisho, Defender, ulisimama tarehe 29 Januari 2016. Sisi tunaoandika programu tunaijua hadithi hii: hakuna kitu kinachodumu kama suluhisho la muda.

Kinachooza ni chuma kilichofichwa chini ya alumini: chasisi, ule ukuta kati ya injini na dereva, na fremu za milango. Chasisi ni boksi lenye uwazi ndani. Tope likiingia humo halitoki, linakaa na unyevu wake miezi. Msidhani kwetu ni kukavu siku zote. Mvua za El Niño za 1997 zilikata barabara za Dadaab kabisa, na adeer alikwama njiani siku kadhaa.

Kuna tatizo jingine ambalo sikulijua. Alumini ikigusana na chuma mahali penye maji, hasa ya chumvi, inakuwa kama betri ndogo. Umeme unapita na alumini ndiyo inayolika. Ndiyo maana kwenye kingo za milango nilikuta unga mweupe, si kutu. Dawa yake ni kutenganisha: rangi ya msingi pande zote mbili, mpira katikati, na bolti zilizopakwa zinki.

Gari la nchi kavu

Land Rover zimekuwa kaskazini tangu enzi ya ukoloni. George Adamson, aliyekuwa mkuu wa askari wa wanyamapori katika Northern Frontier District, alizunguka nazo eneo hili. Aliuawa na majambazi tarehe 20 Agosti 1989 huko Kora, ng'ambo ya Tana, akiwa ndani ya Land Rover yake akikimbilia kumwokoa mgeni wake. Katika miaka ya 1970 zilikuwa zinaunganishwa hapa hapa Kenya, Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers. Polisi walikuwa nazo, pia serikali na wamishonari. Baadaye Toyota Land Cruiser ikatwaa nafasi. Ukisimama leo kwenye barabara ya Hagadera utaona Land Cruiser nyeupe za mashirika na Toyota Surf za wafanyabiashara. Bodi ya Land Cruiser ni chuma, nayo inaoza, lakini injini yake na upatikanaji wa spea vilishinda hoja.

Kuandika upya au kurekebisha?

Kampuni kadhaa za Uingereza bado zinauza fenda, milango, ukuta wa mbele, hata chasisi nzima iliyochovywa zinki. Ukiwa na pesa unaweza kuagiza gari zima vipande vipande. Kwa siku mbili hilo ndilo lilikuwa pendekezo langu.

Nikakumbuka Netscape. Mwaka 1998 waliamua kuweka kando msimbo wao wa zamani na kuandika upya. Toleo la 5 halikutoka kabisa. La 6 lilitoka mwishoni mwa 2000, na wakati huo Microsoft walikuwa wameshachukua soko. Msimbo wa zamani ni mbaya kwa macho, lakini kila kiraka ndani yake ni tatizo ambalo mtu alikutana nalo akalitatua.

Halafu adeer akatoa logibuku kwenye mfuko wa plastiki. Imeandikwa namba ya injini na namba ya chasisi. Ukibadilisha fenda zote, milango yote na boneti, kwenye karatasi gari ni lile lile. Ukibadilisha chasisi, umetupa ule ufunguo mkuu unaotambulisha rekodi yote. Gari litakuwa zima barabarani lakini kwenye mfumo halipo.

Adeer hakuhitaji maelezo zaidi. Mwanawe, binamu yangu, alizaliwa hapa na ni Mkenya. Ukame wa 2011 ulipomaliza mifugo, na gari limekufa, aliandikishwa kambini apate chakula. Alipofikisha miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikasema yeye ni mkimbizi. Si yeye peke yake. Yamewakuta maelfu ya Wakenya wa kaunti hii. Rekodi moja iliyoingizwa kwa sababu ya njaa imekuwa na nguvu kuliko wazazi, wazee na shule. Mpaka leo hawezi kufungua akaunti ya benki. Wenzangu mnaobuni mifumo, mkumbuke kuweka njia ya kusahihisha, na isiwe njia ya kumfanya mtu asubiri miaka.

"Chasisi haiguswi," adeer akasema.

Basi tumeamua hivi. Chasisi inabaki: fundi wa Garissa atakata sehemu zilizooza na kuchomelea chuma kipya, bila kugusa palipogongwa namba. Ukuta wa mbele utatoka Uingereza kwa sababu wa zamani umekuwa chujio. Ngozi za milango zitakatwa kutoka shiti la alumini Nairobi, Kirinyaga Road. Fenda ya kulia ni mpya. Ya kushoto ina bonyeo la ngamia wa jirani, na adeer amekataa isiondolewe. Anasema ile kesi alishinda na ushahidi ubaki.

Mnunuzi wa vyuma alirudi mara ya tatu nikiwepo. Adeer alimpa chai, akamwonyesha mlango mmoja uliokwisha kuvuliwa, akamwambia auchukue ule.

Injini bado hatujaigusa. Nitaleta habari ikiwaka, inshallah. Ile makala ya hifadhidata nayo nadhani nimeshaiandika nusu.