Uzee wa Mjini: Malezi ya Wazee katika Mtaa wa Buyenzi

Mzee wa Kirundi, kwa desturi ya nchi ya milima, huzeekea penye rugo lake, yaani boma la nyumbani kwake. Ana migomba yake, ana ng'ombe akijaliwa, na mwanawe wa kiume amejenga hatua chache kutoka mlangoni kwake. Buyenzi haikuweza kufuata desturi hiyo. Walioanzisha mtaa huu wa Waswahili, ulio kusini mwa mto Ntahangwa jijini Bujumbura, walitoka Ujiji, Umanyema (mashariki ya Kongo) na kwingineko kando ya njia za misafara. Hawakuwa na mlima wa kurudi nguvu zikiwaishia. Uzee wao ulikuwa wa mjini tangu mwanzo, na kwa sababu hiyo malezi ya wazee Buyenzi yana historia ya peke yake ndani ya Burundi.

Wafanyabiashara wa pwani na watu wao walifika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kabla ya wakoloni. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kutoka Ujiji kuingiza mkono wake Burundi katika miaka ya 1880, lakini Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo hakumpa nafasi ya kupanda milimani. Waswahili wakabaki ufukweni. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1897 walikuja na askari, wapagazi na wakalimani waliosema Kiswahili, na pembeni ya boma pakakua kijiji cha Waislamu. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916. Kwao Mswahili alikuwa mtu wa mashaka: si Mkristo, si raia wa chifu yeyote, na lugha yake inamfungulia milango hadi Kigoma na Zanzibar. Baadaye Buyenzi na jirani yake, mtaa uliokuwa ukiitwa Belge na ambao leo ni Bwiza, zikawekwa pamoja katika eneo la Waafrika lililotawaliwa nje ya mamlaka ya machifu. Kilichokuwa tatizo kwenye makaratasi ya serikali kilikuwa tatizo pia kwa mjane asiye na ndugu: hakuwa na ukoo wa kuudai haki ya kulishwa.

Jibu la kwanza lilikuwa nyumba. Aliyepata kiwanja kwenye mojawapo ya avenyu za Buyenzi zenye namba alijenga kwa udongo na mabati, kisha akaongeza vyumba uani kadiri alivyopata. Vyumba vile vilipangishwa kwa vijana waliokuja kutafuta kazi, na kodi yao ndiyo iliyomtunza mwenye nyumba alipochoka kazi. Mfumo huu haukuwa wa Buyenzi peke yake. Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanawake wengi waliotengana na koo zao walisilimu, wakajenga nyumba na kuishi kwa kodi hadi kufa kwao. Mpangaji naye hakuwa mlipaji tu. Aliyekaa miaka mingi kwenye ua wa bibi alimwita mama, alimtekea maji, na bibi akiugua yeye ndiye aliyekwenda kumwita shehe au mganga. Udhaifu wa mpango huu ulijitokeza baada ya mazishi. Sheria ya mirathi ya Kiislamu humpa kila mrithi fungu lake, na nyumba ndogo yenye warithi wengi mara nyingi huishia kuuzwa. Mzee mwingine aliyekuwa akiishi humo, dada wa marehemu kwa mfano, hujikuta hana paa.

Jibu la pili lilikuwa msikiti na mambo yaliyouzunguka. Tarika ya Qadiriyya, iliyopata nguvu Ujiji na kusambaa hadi Burundi na mashariki ya Kongo, iliwapa watu wa makabila mbalimbali undugu usiotokana na damu. Mtu aliyehudhuria dhikiri kwa miaka mingi alikuwa na watu wa kumuuliza hali siku asipoonekana. Zaka, sadaka ya Ijumaa na fitri inayotolewa kabla ya sala ya Idi vilimfikia mzee asiye na mtoto bila kumlazimu kusimama mlangoni kwa mtu. Jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa aibu ya kuomba huwaumiza wazee wengi kimyakimya. Mazishi yalikuwa deni la mtaa mzima: sanda, kuosha, kaburi na chakula cha matanga vilipatikana kwa mchango. Anayejua kwamba hatazikwa kama mtu asiyejulikana huzeeka kwa utulivu zaidi.

Heshima ya wazee ilikuwa na upande wa siasa pia. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, na baadaye alipokiongoza chama cha UPRONA, Waswahili wa mjini walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Katika mtaa wa namna hiyo neno la mzee wa barazani lilibeba kura.

Serikali, kwa upande wake, iliwafikia wazee wachache. Mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi ulianzishwa mwaka 1956, na mfuko wa hifadhi ya jamii wa Burundi, INSS, ukafuata mwaka wa uhuru, 1962. Yote miwili ilimlenga mwenye mwajiri na hati ya mshahara. Fundi cherehani, mchuuzi wa dagaa, fundi wa magari na mama wa vitumbua, yaani watu wenyewe wa Buyenzi, walibaki nje. Kadi ya matibabu ya CAM iliyoanzishwa mwaka 1984 na kufufuliwa mwaka 2012 iliwasaidia kiasi. Matibabu ya bure yaliyotangazwa mwaka 2006 yalikuwa ya watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua. Bibi aliyempeleka mjukuu zahanati alimtibisha mtoto bure, kisha akarudi nyumbani na presha yake.

Vita vilivyoanza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 vilijaribu kila kitu. Buyenzi ilijulikana kwa kukaa pamoja Wahutu na Watutsi, na misikiti na nyumba za Waislamu zilificha watu wa pande zote. Hata hivyo, Machi 1995 mashambulizi yaliikumba Bwiza na Buyenzi, watu wengi wakauawa na maelfu wakakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Vijana walipotawanyika, wapangaji walitoweka na kodi ikakatika. Waliobaki na watoto yatima mara nyingi walikuwa mabibi, na malezi yakageuka: anayestahili kulelewa akawa mlezi.

Makao ya wazee, kama taasisi, yaliingia Afrika Mashariki kwa njia nyingine kabisa. Jeanne Jugan alianza kuwapokea wazee maskini nyumbani kwake huko Ufaransa mwaka 1839, na shirika la masista lililotokana naye leo lina nyumba ya wazee Nairobi. Zanzibar ina makao ya Welezo, yaliyoanzia kwenye kazi ya misheni ya Kikatoliki, na ya Sebleni, ya baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa familia za Kiswahili makao hayo yamekuwa ya mtu asiye na mtu. Kumpeleka mzazi huko watoto wakiwa hai ni fedheha. Fikra hiyo ina haki yake, ingawa huficha uzembe mwingi: wako wazee wanaoishi na watoto wao na hawasemezwi tangu asubuhi hadi jioni.

Safari ya kuhudumia wazee imeelekea pia upande wa pili, kutoka Afrika kwenda Ulaya. Ujerumani ilipositisha utumishi wa lazima wa jeshi mwaka 2011 ilipoteza vijana waliokuwa wakifanya utumishi wa kiraia badala yake, wengi wao kwenye hospitali na nyumba za wazee, na ikaanzisha utumishi wa hiari wa shirikisho. Programu ya weltwärts, iliyokuwa ikiwapeleka vijana wa Kijerumani kusini tangu 2008, ilifungua mlango wa kinyume mwaka 2013, na vijana wa Afrika Mashariki wakaanza kwenda kujitolea katika taasisi za jamii huko. Ubelgiji, ambako Warundi wengi walipata hifadhi baada ya machafuko ya nchi yao, Waafrika ni miongoni mwa watu wanaolisha na kuogesha wazee kwenye nyumba za kulelea, wengine kwa mshahara, wengine wakianzia kujitolea ili wajifunze kazi na lugha. Mgeni aliyelelewa katika mtaa kama Buyenzi hushangazwa na saa ya kazi iliyopimwa kwa dakika, na mzee wa huko hushangazwa kuamkiwa shikamoo. Pesa inayopatikana hutumwa nyumbani kwa simu, na hapo hutumika kumlipa mtoto wa jirani anayemfulia, kumpikia na kumsindikiza hadi msikitini yule mzazi aliyebaki.