Ndugu Asiyehesabiwa: Fidia ya Vifo vya Ajali katika Sheria ya Kenya

Historia ya fidia kwa kifo kilichosababishwa na uzembe ilianza kwa sheria kukataa. Gari la abiria lililovutwa na farasi lilipinduka nchini Uingereza. Mume akaumia, na mkewe akafariki mwezi mmoja hivi baadaye. Mwaka 1808 Jaji Mkuu Lord Ellenborough aliamua kwamba katika mahakama ya madai, kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kama dhara la kulipiwa. Mume alifidiwa majeraha yake mwenyewe, na kumkosa mkewe mpaka siku ile alipokata roho. Zaidi ya hapo hakupata kitu. Kwa kanuni hiyo, aliyemvunja mtu mguu alilipa na aliyemuua hakulipa. Reli zilipozidi kuua, aibu hiyo haikuvumilika tena. Sheria iliyopigiwa debe na Lord Campbell mwaka 1846 iliwapa mke, mume, mzazi na mtoto wa marehemu haki ya kudai walichokipoteza.

Sheria ya Ajali za Vifo ya Kenya, Sura ya 32, ni mtoto wa sheria hiyo, na orodha ya wategemezi imebaki ile ile: mke, mume, mzazi na mtoto. Sambamba nayo kuna Sura ya 26, ambayo huhifadhi haki za marehemu mwenyewe ili zisife naye bali ziingie katika mirathi yake. Chini ya Sura ya 26 hudaiwa maumivu aliyoyapata kabla ya kufa na kupunguziwa umri. Viwango vyake ni vya desturi: kwa kupunguziwa umri mahakama nyingi zimekuwa zikitoa shilingi 100,000, na kwa maumivu ya aliyefariki papo hapo, takriban shilingi 10,000. Hakuna anayedai kwamba hiyo ndiyo bei ya uhai.

Uzito wa shauri uko katika Sura ya 32, na hapo hesabu ni ya wazi. Mahakama hutafuta pato halisi la marehemu kwa mwaka, hukadiria miaka ambayo angeendelea kulipata, kisha hutoa sehemu ambayo angeitumia mwenyewe. Tuchukue mtu aliyekuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi, mwenye mke na watoto, ambaye jaji anamkadiria miaka 20 ya kazi. Theluthi mbili za pato hilo huhesabiwa kuwa zilikwenda kwa familia, na jumla inafika shilingi 4,800,000. Hata hivyo, sheria ya bima ya magari haiilazimishi kampuni ya bima kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Kilichobaki hudaiwa kwa mwenye gari, na mara nyingi mali yake yote ni lile gari lililobondeka.

Ugumu huanza pale pato lisipokuwa na karatasi. Kwa miaka mingi mawakili wa utetezi waliuliza swali moja tu: hati ya mshahara iko wapi? Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ililijibu katika shauri la fundi seremala ambaye hakuacha vitabu vya hesabu. Majaji walikataa hoja kwamba pato huthibitishwa kwa hati pekee, kwani kanuni kama hiyo ingewadhulumu Wakenya wengi wanaojipatia riziki bila kuweka kumbukumbu za maandishi. Tangu hapo, ushahidi wa mjane anayejua ni kiasi gani kililetwa nyumbani kila Jumamosi una uzito wake, hasa ukishikiliwa na risiti za karo, daftari la chama au jumbe za M-Pesa.

Ukarimu huohuo ulikuwa umeonekana mwaka 1991. Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba wazazi wa mtoto aliyeuawa wanastahili fidia hata kama mtoto huyo hakuwahi kuwachangia senti, kwa kuwa katika jamii zetu mtoto hulelewa akiwa pia tegemeo la uzeeni. Hapo majaji waliisoma sheria ya Kiingereza kwa macho ya nyumba ya Kiafrika, na walisoma vyema.

Lakini jaji hawezi kuongeza jina katika orodha iliyofungwa na Bunge, na huo ndio upungufu mkubwa wa sheria hii. Mfikirie dada mkubwa anayeuza mitumba Gikomba, aliyewalea wadogo zake wawili tangu wazazi wao walipofariki. Kodi ya chumba, sare na karo vyote vilitoka kwake. Akigongwa na matatu akafa, Sura ya 32 haiwatambui wadogo hao. Wakili hodari ataweza kudai kwa niaba ya mirathi, hata kujaribu kuomba mapato ya miaka iliyopotea, lakini huko wanaingia kama warithi na si kama wategemezi. Ikiwa dada aliacha mtoto, mtoto huyo atawatangulia katika mirathi, nao wanaweza kutoka mikono mitupu ingawa walikula sufuria moja naye hadi siku ya msiba.

Haiwezi kusemwa kwamba sheria ya Kenya haimjui ndugu wa namna hii. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinamtaja kaka au dada aliyekuwa akitunzwa na marehemu kabla tu ya kifo chake, na sheria hiyo inamruhusu kuomba mgawo wa mali. Uingereza nayo iliwaongeza ndugu, wajomba na mashangazi mwaka 1959, Kenya ikiwa bado koloni lake. Nchi iliyotunga orodha ile fupi imeiacha. Nchi ambayo udugu ndio bima ya wengi bado inaishikilia.

Marekebisho yanayohitajika ni mafupi: maneno ya kifungu cha 29 kuhusu ndugu waliokuwa wakitunzwa yahamishiwe katika Sura ya 32. Hofu kwamba ukoo mzima utajaa mahakamani haina msingi. Kila mdai angebaki na mzigo wa kuthibitisha alichokuwa akipewa, dai lingepaswa kufunguliwa ndani ya miaka mitatu kama ilivyo sasa, na jaji angeendelea kukigawa kiasi alichokipata kwa wategemezi kulingana na hasara ya kila mmoja. Barua ya chifu inayoorodhesha waliofiwa, ambayo familia huhitaji tayari ili kupata idhini ya kusimamia mirathi, ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia kuwataja.