Pumu ya mtoto: kwa nini dawa haiachwi kifua kinapotulia

Mama au mlezi wa Mtendeni, kiangazi cha Tabora unakijua: upepo, vumbi, na moshi wa kuni jikoni. Mtoto mwenye pumu hukohoa usiku, kifua kikilia kama filimbi.

Ndani ya kifua kuna nini?

Damu ina seli nyeupe, askari wa mwili. Aina moja, eosinofili, husaidia kupambana na minyoo. Kwa kawaida huishi siku chache, kisha hufa kwa utaratibu na mwili huzisafisha. Kwa watoto wengi wenye pumu ya mzio, mwili hutoa ishara zinazochelewesha kifo hicho. Seli hurundikana kwenye njia za hewa na kumwaga kemikali zinazozijeruhi. Njia huvimba, hujaa ute na kuwa nyembamba.

Dawa za kuvuta ni mbili

• Ya kufungua (salbutamoli): hulegeza misuli kwa dakika chache. Haiondoi uvimbe.
• Ya kuzuia (steroidi, kama beklometasoni): huharakisha kufa kwa seli hizo, uvimbe ukapungua taratibu. Hutumika kila siku kama ulivyoelekezwa, hata mtoto akiwa anacheza vizuri. Asukutue mdomo baada ya kuvuta. Usiisimamishe bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Wahi hospitali ukiona

• anashindwa kuongea au kunyonya;
• mbavu zinabonyea anapovuta hewa;
• midomo imekuwa ya bluu.

Mpe dawa ya kufungua mkiwa njiani.