Kamera, Amri na Kiswahili: Programu Huria Dar es Salaam

Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuziingiza hesabu za Wizara ya Fedha katika kompyuta kushindwa, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo pasipo kibali maalumu, na ingawa masharti yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980, kompyuta ilibaki kwa muda mrefu chombo cha ofisi chache chenye kuzungumza Kiingereza. Hali hiyo ndiyo iliyokabiliwa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani. Kwa kushirikiana na wataalamu wa kampuni ya IT+46 ya Sweden, mradi ulitoa Desemba 2004 Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu OpenOffice ni programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiongoza mashine, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza.

Tafsiri hiyo, hata hivyo, ilihusu madirisha na vitufe. Upande wa pili wa mifumo huria ni mstari wa amri, ambapo mtumiaji huiongoza kompyuta kwa kuandika maneno badala ya kubofya kwa kipanya, na mfano wake mzuri ni gphoto2, programu ya kuteremsha picha kutoka kamera. Mradi wa gPhoto unaoitengeneza, ulioanzishwa na Scott Fritzinger mwaka 1998, ulizaliwa wakati kila kampuni ya kamera ilikuwa na lugha yake ya siri ya kuwasiliana na kompyuta na ikitoa programu za Windows au Macintosh tu, hivyo waandishi wake walilazimika kuchunguza wenyewe mazungumzo yanayopita katika kebo, kamera moja baada ya nyingine, kazi ya uvumilivu mkubwa inayostahili heshima kuliko inavyopewa. Leo mradi unazitambua kamera zaidi ya 2,500.

Kuisakinisha gphoto2 katika mifumo huria ya Debian au Ubuntu huhitaji amri moja, sudo apt install gphoto2, nayo apt, chombo cha usakinishaji, huitafuta programu katika hazina, yaani ghala la mtandaoni la programu zilizokaguliwa, pamoja na maktaba ya libgphoto2 ambayo programu hiyo huitegemea. Urahisi huo una sharti lake, nalo ni intaneti, ambayo hadi kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Dar es Salaam Julai 2009 ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Diski za Ubuntu, mfumo uliobeba jina lenye mzizi mmoja na neno letu utu, zilitumwa bure kwa posta kati ya 2005 na 2011 kwa kila aliyeomba, lakini programu nyingi za ziada zilibaki katika hazina za mbali.

Programu ikishasakinishwa, gphoto2 --auto-detect huitambua kamera iliyochomekwa, na gphoto2 --get-all-files huteremsha picha zote. Kwa kuwa amri hizi hazihitaji madirisha, kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ndogo huzimudu bila taabu, faida isiyo ndogo kwa studio ya picha za pasipoti, iwe Tandika au Mwananyamala, isiyo na fedha za kununua mashine mpya.

Majina ya amri hayatafsiriwi, kwa maana mashine ndiyo inayoyasoma, lakini maelezo na jumbe za makosa zinazomfikia binadamu hutafsirika, na hapo ndipo kazi ya Mlimani iliposimama mapema mno. Wanafunzi wa kompyuta na wa Kiswahili wa vyuo vya Dar es Salaam waichukue kutoka hapo, kwani msimbo wa gphoto2 uko wazi, na kutafsiri jumbe zake hakuhitaji kibali cha yeyote.