Tandiko la dresaji

Tandiko la dresaji ni tandiko la farasi linalotumika katika dresaji, mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 1912 mjini Stockholm, Uswidi. Kiti chake kina kina kirefu, na mabawa yake ya ngozi ni marefu, karibu wima, ili mguu wa mpandaji uning'inie ukiwa umenyooka.

Tandiko hupimwa kwanza likiwa tupu, bila kitambaa chini yake, farasi akiwa amesimama kwenye ardhi tambarare. Fremu ya ndani hulingana na upana wa mgongo: ikiwa nyembamba hubana misuli, ikiwa pana mno hushuka na kugusa mifupa. Nafasi ya vidole viwili hadi vitatu huachwa juu ya mabega, na mfereji wa katikati haugusi uti wa mgongo. Mfupa wa bega hubaki huru, na tandiko halivuki ubavu wa mwisho.

Baada ya mazoezi, mabaka makavu katikati ya jasho huweza kuonyesha mgandamizo. Kwa kuwa misuli ya farasi hubadilika kwa umri, lishe na mafunzo, tandiko hukaguliwa mara kwa mara, na sufu iliyojazwa ndani hurekebishwa.