Golf (mchezo wa Game Boy)

Golf ni mchezo wa video uliotolewa na Nintendo nchini Japani mwaka 1989 kwa ajili ya Game Boy, mashine ya mkononi iliyotumia betri nne za AA. Kioo chake hakikuwa na rangi, hivyo majani, mchanga na maji hutofautishwa kwa vivuli vinne tu. Mchezaji huchagua fimbo, hupima upepo, kisha hubonyeza kitufe mara tatu. Ubonyezo wa pili huamua nguvu, wa tatu unyoofu. Akichelewa kidogo, mpira hupinda. Utaratibu huu, rahisi na wa kupendeza mno, ulikuwamo tayari katika Golf ya 1984 ya Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo; mchezo huo uliandikiwa programu na Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo kuanzia 2002 hadi 2015. Kwa mkazi wa Ikungi, mkoani Singida nchini Tanzania, aliye mbali na viwanja vya gofu vya Dar es Salaam na Arusha, mchezo wa Game Boy unafundisha vizuri kanuni za kuhesabu mipigo.