Majina ya Herufi Sita

Chombo ninachotaka kukusimulia kinaenea kiganjani. Ni GPS ya mkononi, eTrex ya kampuni ya Garmin, ya njano kama embe lililoiva, ya lile toleo la kwanza lililotoka mwaka 2000. Inatumia betri mbili ndogo za redio. Mjomba wangu aliachiwa na mtaalamu mmoja Mjerumani aliyekuwa akimwendesha katika mradi wa visima. Tangu mradi uishe ilikuwa inalala kabatini, ndani ya soksi. Mwaka jana niliomba niichezee. Mjomba akasema, "Chukua tu, mjomba. Ila usifute kitu."

Nikaweka betri, nikatoka nayo uani, maana chini ya bati haioni kitu. Dakika ya kwanza kimya. Ya tano kimya. Mjomba alikuwa amekaa juu ya ndoo akizibua jiko la mafuta ya taa, akacheka: "Imesahau nyota zake hiyo."

Nilidhani ni utani wa mzee. Kumbe alisema kweli tupu. Satelaiti za GPS zinazunguka kama kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja inatangaza habari za aina mbili. Kuna almanaka, yaani ratiba ya jumla ya kundi zima, ambayo kuipokea yote huchukua dakika 12 na nusu. Halafu kuna habari za njia ya satelaiti yenyewe, sahihi zaidi, zinazorudiwa kila sekunde 30 na ambazo baada ya saa 4 hivi zinakuwa zimechacha. Chombo kilicholala miaka mingi hakina hata kimoja cha kuaminika. Ni kama mtu aliyetoka jela: anajua mji upo, hajui nani amehamia wapi.

Ilipozinduka, mahali ilipataja sawasawa, lakini tarehe iliyonionyesha ilikuwa ya karibu miaka 20 nyuma. Hiyo nayo ina sababu yake. Satelaiti huhesabu wiki hadi 1,024, kisha hurudi sifuri. Mara ya mwisho kurudi ilikuwa usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, na vyombo vingi vya zamani ambavyo havikufanyiwa marekebisho vilibaki vimeduwaa. Basi nikawa nimeshika kitu kinachojua kiko wapi lakini hakijui kiko lini. Sikuona ubaya wake, mradi kazi yangu ilikuwa kuchungulia tu.

Nikafungua orodha ya pointi. Hapo ndipo kisa kilipoanzia.

Pointi ni mahali palipohifadhiwa: jina, latitudo na longitudo. eTrex hii inabeba 500, na jina haliruhusiwi kuzidi herufi au tarakimu 6. Za mjomba nilizitambua mara moja: KISIMA, KISIM2, DARAJA, MWEMBE, NYUMBA. Ona jinsi Kiswahili kilivyoenea humo, herufi sita barabara! Lakini zaidi ya 400 zilizobaki zilianza zote na GC, zikafuatiwa na vitu visivyosomeka, na zote ziliangukia Ujerumani. Mimi ninayehangaika na riwaya yangu ya kwanza nikaona tayari nimeshika ujasusi. Nikawa nimeshaanza kumpa yule mtaalamu wa visima jina la bandia na bastola.

Mjomba akanikata maini: "Za mchezo wake hizo. Kutafuta makopo."

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashi, na una tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo michezo mingi haina. GPS ni mali ya jeshi la Marekani. Kwa miaka mingi jeshi lilikuwa likiharibu kwa makusudi ishara inayotumiwa na raia, hivyo chombo chako kingeweza kukudanganya mpaka mita 100. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton alitangaza kwamba uharibifu huo unakoma usiku ule ule. Watu wenye GPS zao walikwenda kulala hawajui wako upande gani wa uwanja wa mpira, wakaamka wanajua wako golini.

Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, bwana mmoja wa jimbo la Oregon aitwaye Dave Ulmer aliamua kuujaribu usahihi huo mpya. Akachukua ndoo nyeusi, akatia humo vitabu, kanda za video, programu za kompyuta, manati, fedha kidogo na kopo la maharage, akaifukia nusu kando ya barabara karibu na Beavercreek, nje ya mji wa Portland. Kisha akatangaza latitudo na longitudo yake katika intaneti. Sharti lake lilikuwa fupi: chukua kitu, acha kitu. Katika siku chache watu walikuwa wameshaifikia, wa kwanza akiwa Mike Teague, ambaye ndiye aliyeanza kukusanya katika ukurasa wake orodha ya makasha mengine yaliyokuwa yakifichwa huku na huko. Tarehe 2 Septemba mwaka huo huo Jeremy Irish alizindua tovuti ya Geocaching.com. Dunia nzima ilikuwa na makasha 75.

Orodha ya vitu 75 unaweza kuiandika kwa mkono. Shida ilianza pale yalipokuwa maelfu.

Kila kasha lilipewa namba inayoanza na GC. Kwa kuwa vyombo vya wakati ule, kama huu wa mjomba, vilikubali herufi sita tu, zilibaki nafasi nne. Nafasi hizo walizijaza kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F, hesabu ya watu wa kompyuta, na kwa mtindo huo unafika kasha la 65,535 halafu ukuta. Walipougonga wakaruhusu herufi zaidi, mpaka Z, ila wakaziacha I, L, O, S na U, zile zinazochanganya macho na tarakimu au na wenzake. Baadaye hata hizo nafasi nne zikajaa, namba ikaongezewa herufi ya saba. Nilipoyajua haya nikairudia orodha ya Mjerumani kwa jicho lingine. Kilichoonekana kama lugha ya majasusi kilikuwa alama ya ufinyu wa kioo. Makasha ya dunia nzima yalibatizwa kulingana na upana wa chombo kidogo cha njano.

Sasa, huyo bwana alikuwa anaiwekaje orodha yake? Mjomba anakumbuka kebo nene aliyoichomeka nyuma ya kompyuta, na ule mkunjo wa uso wa mtu anayesubiri. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanachama anayelipa ada aliweza kuagiza kwa tovuti orodha ya makasha ya eneo analotaka, mwanzoni yasiyozidi 500 kwa mara moja, baadaye 1,000. Orodha ilikuja katika faili la GPX, ambalo ni maandishi matupu yaliyopangwa kwa utaratibu ambao programu nyingi zinauelewa. Ndani yake kuna jina la kasha, mahali lilipo, maelezo, kidokezo, na ripoti tano za mwisho za waliokwenda kulitafuta. Hizo ripoti tano ndizo roho ya faili. Ukiona wanne mfululizo wamesema hawakuliona, jua kuna jambo.

Lakini eTrex ya njano haikuwa na pa kuweka maelezo wala ripoti. Ilipokea jina na mahali, basi. Mengine mtu aliyachapa kwenye karatasi au aliyabeba katika kompyuta ndogo ya mfukoni. Ni mwaka 2008, Garmin walipotoa modeli ya Colorado, ndipo chombo cha mkononi kiliweza kulisoma faili zima, kidokezo na ripoti zake, na karatasi zikaachwa nyumbani.

Nikupe sasa lile lililoninyima usingizi, maana historia nyingine zote nimezieleza ili nifike hapa. Unapotuma orodha mpya kwenye chombo, pointi yenye jina lile lile inaandikwa upya juu ya ile ya zamani. Kama kasha limesogezwa mita kumi, utapata mahali papya. Pointi ambayo haikuwapo inaongezwa. Vizuri. Na ile ambayo ilikuwapo lakini haimo tena katika orodha mpya? Haiguswi. Inabaki pale pale, na mshale utakuelekeza kwake kwa uaminifu ule ule.

Na kwa nini isiwemo? Kwa sababu limekufa. Kasha likiibwa, likisombwa, msitu wake ukijengwa, mwenyewe akichoka kulitunza, tovuti inalifunga. Ukurasa wake haufutwi, ukiutafuta kwa namba utausoma, lakini katika orodha za kuagiza hauingii tena. Hakuna ujumbe unaokuja kusema fulani ametutoka. Faili jipya linataja wazima tu. Linaacha kumtaja, na wewe usipokuwa makini hutatambua, maana nani anayasoma majina mia nne akitafuta lile ambalo halipo?

Watu wa mchezo huu walitafuta dawa. Wengine walikuwa wakali: kabla ya kila safari wanafuta pointi zote, wanapakia upya, na kwenye vyombo vya kisasa wanaondoa mafaili ya zamani kabla ya kuweka jipya. Ni njia salama, ila uwe na moyo wa kufagia. Wengine, wenye kuhifadhi kumbukumbu zao kwenye kompyuta, walitumia programu iitwayo GSAK, ambayo kwa kila kasha huandika tarehe ya mara ya mwisho lilipotajwa na faili lolote. Ukishapakia orodha mpya unaipanga kwa tarehe hiyo. Makasha yote ya eneo lako yana tarehe ya leo, isipokuwa matatu, manne, yaliyobaki na ya mwezi uliopita. Hayo ndiyo ya kwenda kuulizia. Mtu anaujua msiba kwa urefu wa kimya. Kwa muda wote niliojaribu kuandika sura ya mazishi katika riwaya yangu, sikuwahi kufikiri jambo la namna hiyo.

Nilichukua simu nikatafuta namba kumi za yule Mjerumani, nikichagua bila mpango. Saba zilikuwa zimefungwa. Hata ile ndoo ya Ulmer, mama wa makasha yote, imefungwa. Kwenye tovuti namba yake ni herufi moja tu baada ya GC, yaani GCF, na pale ilipokuwa pana kibao cha kumbukumbu na kasha jingine lililowekwa kwa heshima yake, GCGV0P. Ukiagiza orodha ya Beavercreek leo utaletewa kasha la heshima. Ndoo haitatajwa.

Basi siku ya Jumapili niliichukua eTrex nikapanda daladala mpaka Jangwani, nikachagua pointi ya NYUMBA.

Mjomba aliiweka mwenyewe, siku yule Mjerumani alipokuwa akimfundisha kutumia chombo. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne bondeni mwa mto Msimbazi, na mimi nimekulia humo. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipita nayo. Sisi tulitoka na godoro moja, redio, na hiyo soksi, maana mjomba alikuwa ameivaa shingoni kama hirizi. Wengi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande, nasi tukiwamo. Mwanzoni majirani wa zamani walitajana kila siku, fulani yuko kitalu gani, fulani kafungua genge. Kisha majina yakawa yanapungua katika mazungumzo. Hakuna aliyetangaza chochote. Mama Zuhura wa mlango wa pili, aliyenifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia maandazi, mara ya mwisho kumsikia akitajwa sikumbuki ilikuwa lini.

Chombo hiki hakina dira ya sumaku, mshale wake hauelewi kitu mpaka utembee. Nikatembea. Mita 90, mita 40. Nikaruka mfereji. Mita 12. Kuna vijana walikuwa wakiosha bodaboda, mmoja akaniuliza kama napima viwanja. Nikamwambia natafuta nyumba. Akatazama magugu, akanitazama mimi. Mita 4, na hapo haikushuka tena, ikawa inacheza 4, 5, 4. Udongo mweusi, chupa za plastiki, na kipande cha sakafu chenye rangi nyekundu ya kung'arisha kwa nta. Inaweza kuwa ya kwetu. Inaweza kuwa ya Mama Zuhura, chombo kinakubali kukosea kwa mita hizo.

Nilibonyeza mpaka kwenye ukurasa wa pointi yenyewe. Chini kabisa kuna neno la kufuta. Chombo kikauliza kama nina hakika.

Niliporudi, mjomba alikuwa amelala kibarazani na kanzu yake ya Ijumaa, sijui kwa nini ameivaa Jumapili. Akafungua jicho moja. "Imekufikisha?"

"Imenifikisha."

"Betri zitoe," akasema. "Zikivuja humo zitaila." Nikazitoa, nikairudisha kwenye soksi. Pointi zote zimo, 400 na ushei za Mjerumani na za kwetu.

Kesho yake nilimpigia mtu mmoja wa kitalu cha pili kumwulizia Mama Zuhura. Alisema atauliza.